Pesa ya kusomea uuguzi Dar es Salaam: pa kuanzia, pa kugonga hodi na pa kukimbia

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka Julai, simu yangu hailali. "Dada, PCB yangu (fizikia, kemia na biolojia) imekaa vizuri, nataka uuguzi, ila mzee hana kitu." Mimi huwa nauliza swali moja tu: cheti chako cha kuzaliwa kimehakikiwa RITA, ofisi inayosajili vizazi na vifo? Kimya. Basi hapo najua tuna kazi.

Mimi ni muuguzi. Nilisomea hapa hapa Dar kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo na michango ya shangazi zangu watatu, na mwaka wa kwanza nilikaa bila bumu, yaani hela ya chakula na malazi ya mkopo, mpaka Januari kwa sababu ya herufi moja. Hiyo nitaisimulia mbele. Kwa miaka niliyowasaidia wadogo zangu wa mtaani kujaza fomu, nimeona wenye alama nzuri na shida za kweli wakiachwa, na karibu mara zote chanzo kilikuwa karatasi au tarehe. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye karatasi. Nivumilie.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya kweli

Shahada ya uuguzi ni miaka minne darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini ndipo usajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kwa Dar, wengi wanaotoka kidato cha sita wanawaza Muhimbili pale Upanga, ambacho ni chuo cha serikali, au Hubert Kairuki pale Mikocheni, ambacho ni cha binafsi. Aga Khan nao wana shule ya uuguzi na ukunga mjini hapa, ila wao wamezoeleka zaidi kwa wauguzi ambao tayari wako kazini na wanataka kupanda kutoka diploma. Nitarudi kwao.

Kosa la kwanza ni kuangalia ada peke yake. Chukua muundo wa ada wa chuo, usome mpaka mstari wa mwisho: usajili, kitambulisho, mchango wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), bima ya afya ambayo kwa miaka mingi mwanafunzi amekuwa akilipa Sh 50,400 kwa mwaka, mitihani, umoja wa wanafunzi. Halafu ongeza vitu ambavyo mwenzako wa kozi ya biashara havimhusu: sare jozi mbili (moja haikauki wakati wa masika, niamini), viatu vya wodini, saa ya kubana kifuani, kipimo cha presha na stethoskopu.

Na nauli. Ukipangiwa wodi Amana, Mwananyamala, Temeke au Mloganzila, hulali hospitali. Tuseme unapanda gari mbili kwenda na mbili kurudi, kila moja kwa Sh 600, ile nauli ya safari fupi iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, Desemba 2023. Hiyo ni Sh 2,400 kwa siku. Siku tano kwa wiki nne ni Sh 48,000, na hapo hujanywa hata chai. Zamu ya jioni ikiisha mvua inanyesha na daladala zimejaa, utapanda bodaboda upende usipende. Konda naye akiona huna sare ya shule ya msingi au sekondari hataki kusikia habari za nauli ya mwanafunzi.

Andika jumla yote kwenye daftari. Utaihitaji ukienda kuomba kwa mtu, kwa sababu anayeambiwa "nisaidie ada" hutoa pole, lakini anayeonyeshwa "napungukiwa Sh 340,000 za muhula wa kwanza, hizi hapa" huuliza namba ya malipo.

Hatua ya pili: karatasi, na uanze ukiwa bado kidato cha sita

Hii ndiyo hatua inayoliza watu.

Cheti cha kuzaliwa hakitoshi kuwa nacho sandukuni, lazima kihakikiwe na RITA kwa njia ya mtandao mpaka upate majibu ya uhakiki ambayo Bodi ya Mikopo inayataka. Aliyezaliwa Zanzibar anahakiki kwa wakala wa usajili wa huko. Kama mzazi amefariki, cheti chake cha kifo nacho kinapita njia hiyo hiyo. Usisubiri Julai. Mwezi huo nchi nzima inahakiki, na ombi ambalo lingechukua siku chache linaweza kukaa wiki.

Sasa ile herufi. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Zaituni. Cheti cha kidato cha nne kinasema Zaitun. Mwalimu aliyetusajilia mtihani alikuwa na majina mengi, "i" moja ikamponyoka, nami nikaona ni jambo dogo. Mfumo hauna utani huo. Kwake Zaituni na Zaitun ni watu wawili. Maombi yangu yakarudi kuwa yana kasoro, nikahangaika kwa wakili kutafuta kiapo cha majina, nikaingia kwenye rufaa wakati wenzangu wanasaini hela. Oktoba mpaka Januari nilikula kwa shangazi Tandika na kutembea kutoka Kariakoo hadi Upanga kuokoa nauli.

Kwa hiyo leo, si kesho, weka mezani cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA, uvisome herufi kwa herufi. Jina la baba limeandikwa Juma au Jumaa? Tarehe zinalingana? Kukiwa na tofauti, nenda kwa wakili au mahakamani upate kiapo, na uulize mapema kama tofauti yako inatosha kwa kiapo au inataka hati ya kubadilisha jina.

Karatasi nyingine zinategemea hali yako, na usione aibu kuzitoa. Kama kaya yenu iko TASAF, ule mfuko unaosaidia kaya maskini, tafuta namba ya kaya. Kama wewe au mzazi wako ana ulemavu, kuna fomu ya kuthibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Kama sekondari ulisomeshwa na mfadhili, hasa shule ya kulipia, pata barua ya huyo mfadhili. Hii wengi wanaidharau. Mtoto wa mama ntilie aliyesomeshwa na parokia kwenye shule ya ada kubwa, bila barua, kwenye maombi anaonekana mtoto wa tajiri.

Mdhamini naye umwandae: picha yake, kitambulisho chake, na awe mtu anayepokea simu.

Hatua ya tatu: Bodi ya Mikopo

Tuambiane ukweli. Ukisikia neno "skolashipu" moyo unaruka, lakini kwa mwanafunzi wa kawaida wa uuguzi Tanzania, ugali ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mengine ni mboga. Bodi ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005, na kozi za afya zimekuwa kwenye makundi yake ya kipaumbele. Mzanzibari ana pia bodi yake ya Zanzibar, aangalie zote mbili kabla ya kuamua.

Sifa za msingi unazopaswa kujipima: uwe Mtanzania usiyezidi miaka 35, umedahiliwa kwenye chuo kinachotambulika, huna ajira yenye mshahara, na umemaliza kidato cha sita au diploma ndani ya miaka mitano iliyopita. Diploma ya uuguzi inakuingiza kwenye mkopo wa shahada kama hujaajiriwa. Lakini wewe unayeanza diploma yenyewe, soma tangazo kwa makini. Mikopo ya diploma ilianza mwaka wa masomo 2023/2024 kwa fani zilizotajwa moja moja, na kuna fani za afya kwenye orodha, ila usidhani uuguzi umo kwa kuwa tu nao ni afya. Fungua orodha uone kwa macho yako.

Dirisha huwa linafunguliwa Juni na kufungwa mwisho wa Agosti au karibu na hapo. Maombi yote yanafanyika kwenye OLAMS, mfumo wa mtandaoni wa Bodi, na unajisajili kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Ada ya maombi imekuwa Sh 30,000, unalipa kwa namba ya malipo ya serikali inayotolewa na mfumo wenyewe. Haipiti mkononi mwa mtu.

Hapa kuna mtego wa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Mhitimu wa kidato cha sita aliyeitwa kwa mujibu wa sheria anaweza kuwa kambini miezi hiyo hiyo dirisha likiwa wazi, simu hana. Dawa yake: kabla hujaondoka, vyeti vyote viwe vimehakikiwa, na nakala zake za skana ziwe kwenye barua pepe yako na kwa mtu mmoja nyumbani mwenye akili timamu. Kaka yako anayepoteza simu kila mwezi hahusiki.

Mtego wa pili ni steshenari. Nenda, sikukatazi, wengine wana kasi nzuri na skana nzuri. Ila kaa pembeni ya yule kijana mpaka mwisho. Namba ya simu iwe yako, barua pepe iwe yako, nenosiri liandike kwenye daftari lako. Mwaka juzi nilimsindikiza binti mmoja wa Mbagala kwenye steshenari aliyojazia, kwa sababu akaunti ilifunguliwa kwa namba ya mwenye duka, na mwenye duka alikuwa kahamia mkoani. Ujumbe wote wa Bodi ulikuwa unaingia kwake. Siku nne zilikwenda kwa kumtafuta mtu tu.

Ukimaliza kujaza, unachapa fomu, inasainiwa na wewe na mdhamini, inakwenda serikali ya mtaa kwa saini na muhuri, kisha kwa kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu. Halafu kurasa zilizosainiwa unaziskani na kuzirudisha kwenye mfumo. Kwa mwenyekiti wa mtaa nenda asubuhi, uwe umepita kwa mjumbe kwanza, na usalimie vizuri. "Shikamoo mzee, nimetumwa na mjumbe wa shina, naomba muhuri wa fomu ya mkopo" inafungua mlango haraka kuliko kuingia na karatasi mkononi na vipokea sauti masikioni. Kabla ya kuondoka, hakikisha muhuri unasomeka na haujafunika jina lako.

Kisha bonyeza kutuma. Nimesema bonyeza. Kila mwaka kuna anayejaza kila kitu, analipa, anasaini, halafu maombi yanabaki humo ndani hayajatumwa.

Hatua ya nne: majina yakitoka

Udahili unakwenda sambamba. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja ndani ya muda wa TCU, kwa sababu Bodi inampangia mkopo mwanafunzi ambaye chuo chake kinajulikana. Majina ya waliopata hutoka kwa awamu, kwa kawaida kuanzia Oktoba. Unaingia kwenye akaunti yako unaona umepangiwa nini kwa kila kipengele: chakula na malazi, ada, vitabu, mafunzo kwa vitendo, mahitaji maalumu ya kitivo. Kipengele hicho cha mwisho usikipite, ndicho kinachogusa sare na vifaa vyako. Chakula na malazi kilipandishwa kutoka Sh 8,500 hadi Sh 10,000 kwa siku, na hicho ndicho tunachokiita bumu.

Kwa chuo binafsi jua hili mapema: Bodi ina kikomo cha ada inayolipa, na kinachozidi ni chako. Nimeona familia ikishangilia "mkopo asilimia mia" wakati ada ya chuo bado ina pengo la kuwatoa jasho.

Usipoona jina awamu ya kwanza, subiri ya pili huku ukiangalia kama akaunti inaonyesha kasoro. Rufaa ina dirisha lake. Kwenye rufaa usiandike hadithi ya maisha, weka hati mpya: cheti cha kifo kilichokosekana, fomu ya ulemavu, barua ya mfadhili, kiapo cha majina. Rufaa yangu ilipita kwa kurasa mbili.

Ukifika chuoni, siku za kwanza tafuta ofisi ya afisa mikopo, ujisajili, weka akaunti ya benki yenye jina lilelile (tumerudi kwenye herufi), na usaini kila awamu kwa alama za vidole siku ukiitwa. Ratiba ya wodi ikigongana na siku ya kusaini, mwombe ruhusa msimamizi wa wodi siku moja kabla. Wengi ni waungwana, nao walikula bumu.

Ukifeli ukarudia mwaka, au ukaahirisha masomo kienyeji bila barua, mkopo unaweza kusimama. Ukiugua au ukipata ujauzito, andika barua ya kuahirisha kabla ya mitihani, upate majibu kwa maandishi, na Bodi ijulishwe kupitia chuo.

Hatua ya tano: pesa isiyorudishwa

Ipo, ni chache. Kubwa ni Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita kwenye masomo ya sayansi, wakasome sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au elimu tiba. Hupeleki barua ya kuomba huruma. Wizara ya Elimu hutoa orodha ya wenye sifa, nao wanajaza maombi kupitia Bodi. Kama jina lako limo na unataka uuguzi, soma masharti ya kozi na ya ufaulu wa kila mwaka kabla hujatangaza kijijini.

NMB Foundation wana mpango unaoitwa Nuru Yangu, wa vijana wenye ufaulu mkubwa na hali ngumu. Kozi wanazozichukua zinatajwa kwenye tangazo, kwa hiyo hakikisha uuguzi umo mwaka huo. Mashirika ya dini nayo husomesha kimyakimya, hasa yenye hospitali zake, na mara nyingi kwa mkataba wa kwenda kuwafanyia kazi miaka kadhaa. Mimi sioni ubaya wa mkataba huo kwa muuguzi, mradi usome muda wake, mshahara wake na faini ya kuuvunja kabla ya kusaini.

Wizara ya Elimu pia hutangaza nafasi zinazotolewa na nchi rafiki kama China na Algeria. Kwa uuguzi mimi huwa nasita. Utasoma kwa lugha nyingine na kurudi kuthibitishiwa shahada na TCU na kufanya taratibu za Baraza ndipo uguse mgonjwa. Ukiweza, nenda. Ila uliza Baraza kabla ya kupanda ndege.

Muuguzi uliye kazini

Bodi si mlango wako, kwa sababu ya ule mshahara. Mlango wako ni afisa utumishi. Kwa mtumishi wa umma, jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri au hospitali kabla ya bajeti kupita, kisha uombe ruhusa ya masomo kwa maandishi kupitia mganga mfawidhi. Ukiondoka kwa ruhusa, mshahara unaendelea, na hapo ndipo ada yako ilipo hata mwajiri asipolipa. Ukiondoka bila ruhusa ni utoro kazini.

Kama huwezi kuacha kazi, ndiyo maana nilisema nitarudi kwa Aga Khan. Mpango wao kwa wauguzi wenye diploma umejengwa kwa ajili ya mtu anayefanya kazi huku anasoma. Ada inatisha ukiiona mara ya kwanza, lakini wana utaratibu wa msaada kwa wenye uhitaji. Fomu ya msaada ijazwe pamoja na ya udahili, usingoje mpaka udaiwe.

Pengo likibaki

Litabaki. Kwanza nenda idara ya fedha ya chuo, uombe kulipa kwa mafungu, upate ratiba kwa maandishi. Usisubiri wiki ya mitihani unapozuiwa mlangoni. Pili, kama mzazi ana mshahara unaopita benki, aulize mkopo wa elimu kabla ya mkopo wa kawaida. Ile asilimia kumi ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu ni ya mitaji ya vikundi, hailipi ada, lakini mama akiipata kwa biashara ya kikundi, biashara itakulipia.

Tatu, ukoo. Sisi Dar tunajua kuchangishana: kitchen party ina kamati, mweka hazina na kadi za mchango. Shangazi yangu mkubwa aliamua ada yangu nayo iwe na kamati. Alifungua kundi la simu la watu kumi na wanne, kila mmoja Sh 15,000 kwa mwezi, na mimi nikawa natuma picha ya risiti kila nikilipa chuo. Zile risiti ndizo zilizowafanya waendelee kutoa mpaka mwaka wa nne.

Pa kukimbia

Mtu yeyote anayekupigia akisema "tuma laki moja nikuwekee asilimia mia, nina mtu ndani", kata simu. Vishoka wanachipuka Septemba kama uyoga, na huanza kwa kukutajia jina lako kamili na chuo chako ili uamini. Taarifa hizo walizitoa kwenye karatasi ulizoziacha steshenari. Chana nakala zako.

Kuhusu kulipa

Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mshahara wa msingi ukiwa Sh 900,000, makato ni Sh 135,000 kila mwezi, kwa hiyo usijipangie maisha ya 900,000. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo iliwatesa kaka na dada zetu, ilifutwa mwaka 2021. Mpe mwajiri namba yako ya kidato cha nne mwezi wa kwanza wa kazi, halafu linganisha hati ya mshahara na taarifa ya deni kila baada ya miezi michache. Mimi kuna miezi miwili nilikatwa lakini haikuonekana kwenye deni, na nilirudishiwa kwenye hesabu kwa sababu nilikuwa na hati za mshahara zote, zimebanwa kwa pini kwenye daftari lile lile la mwaka wa kwanza.